Siku Waliyonikumbatia Bure

Mimi ndiye mdakaji mzee kuliko wote katika timu ya Kambare. Nina miaka ishirini na tisa. Kwingine huo ni umri wa kijana anayetafuta mchumba. Kwenye ligi ndogo za besiboli wananiita Babu na kunipisha nioge kwanza.

Miaka minane nimechuchumaa nyuma ya wapigaji, nikidaka mipira inayorushwa na vijana ambao baadaye hupanda ligi kuu na kusahau jina langu. Mke wangu, Corinne, alinipa neno la mwisho mwezi wa tano: "Usipopanda msimu huu, Wendell, unarudi nyumbani kuuza matairi na baba." Baba mkwe ananipenda sana, hasa akiniona nimebeba matairi.

Basi mwezi wa nane, sijui nililishwa nini, nikaanza kupiga. Michezo kumi na miwili, mipira kumi na saba ikanifikisha salama kituoni, na minne kati ya hiyo ikavuka ukuta wa uwanja. Ukurasa mmoja wa mtandaoni unaofuatilia wachezaji chipukizi ukataja waliong'ara wiki hiyo: watoto sita wa miaka ishirini, kisha "Krause (29)". Yale mabano yalikuwa kama onyo la daktari, lakini niliyasoma mara arobaini. Ijumaa ikaja habari tamu zaidi, Mungu anisamehe: mdakaji wa timu yetu kubwa, ile ya ligi kuu inayochukua wachezaji kwetu, kavunjika kidole.

Hapo akili ikaniruka. Nikaanza kujitunza kama yai. Ngazi nikawa nazipanda kwa kushika ukuta.

Jumapili mchana, jua la kupasua kichwa, mzunguko wa tano, nikapiga mpira mnyonge ukabingirika moja kwa moja kwa mlinzi wa wapinzani. Kila mtoto hufundishwa: hata mpira ukiwa wa kufa, kimbia ufike kituo cha kwanza kabla yake, huenda mtu akauangusha. Mimi nikajiambia, goti hili sasa ni mali ya ligi kuu, la nini kulichosha hapa? Nikatembea. Tena si kutembea tu, jamani, nilitembea kwa madaha kama bwana harusi. Mlinzi akauangusha mpira, akauokota, akauangusha tena, na bado akaufikisha kituoni nikiwa nusu ya njia.

Niliporudi benchi, Kocha Osgood alisema bila kunitazama, "Krause, usivae vifaa. Umetoka."

Sasa kwetu sisi, mchezaji mzima akitolewa katikati ya mchezo, maana yake inajulikana: simu imepigwa kutoka juu, na hawataki aumie kabla ya kupanda ndege. Benchi lote likanigeukia. Kisha Yeferson, mrushaji wetu kutoka Jamhuri ya Dominika, akanirukia shingoni.

"Babu! Babu unakwenda!"

"Mwacheni apumue, moyo wenyewe wa zamani huo!" akapiga kelele Tuck, mlinzi wetu wa kituo cha kwanza, naye akaja kunibana mbavu.

Wakanikumbatia wote, mmoja mmoja, na mimi nikalia hadi makamasi. Nikahutubia. Nikawaambia wavumilie, waniangalie mimi. Nikampa Tuck magongo yangu mawili, na nikamsamehe makosa ambayo wala hakuwa ameyaombea msamaha. Kisha nikaenda chumba cha kubadilishia nguo kumpigia Corinne. Huko nilikimbia, naomba ijulikane.

"Nimeitwa," nikamwambia.

Alipiga yowe. Nikamsikia akiita, "Baba! Tafuta mtu mwingine wa matairi!" Halafu akalia, na mimi nikalia tena. Nilikuwa nimekata kanzu kabla mtoto hajazaliwa, na nikaivaa kabisa.

Mchezo ulipokwisha, Osgood akaniita ofisini.

"Nasikia wamekukumbatia," alisema.

"Ndiyo, Kocha. Asante kwa yote."

"Asante ya nini? Nimekutoa kwa sababu ulitembea."

Nikacheka. Yeye hakucheka.

"Yule mzee mwenye kofia ya majani, safu ya tatu, ulimwona? Ametoka timu kubwa. Upigaji wako wameuona, udakaji wako wanaujua. Alikuja na swali moja tu: miguu ya mtu wa miaka ishirini na tisa bado inakimbia?"

"Kocha, goti langu..."

"Linauma?"

Nilitamani liume. "Haliumi."

"Basi." Alijifuta uso kwa kofia yake. "Alifunga daftari akaondoka kabla ya mzunguko wa sita. Wamemwita mdakaji kijana wa timu iliyo ngazi ya chini yetu. Wiki nzima nilikupigania, Krause. Wiki nzima, bwana."

Kama angenitukana ingekuwa nafuu. Nilirudi chumbani nikakuta wanaume ishirini na tano wanafunga kamba za viatu ambavyo tayari vilikuwa vimefungwa. Magongo yangu yalikuwa yameegemezwa kwenye kabati langu. Yeferson alinisogezea kiti, na mimi sikuweza kumtazama.

Simu ilikuwa ikiita. Corinne.

"Mama ameshaoka keki," alisema. "Ndege ni saa ngapi?"

Nilifikiria kudanganya. Ningeweza kusema walibadili mawazo, kwamba huko juu hawana haya. Mdomo ukakataa.

"Hakuna ndege, Corinne. Hawakuniita. Nilitolewa kwa sababu sikukimbia. Kulikuwa na mtu amekuja kuniona nikikimbia, nami nikatembea."

Nyuma yake nilisikia watu wakicheka na vyombo vikigongana.

"Miaka minane nimekula peke yangu hapa," alisema taratibu. "Nikawaambia watu wote mume wangu ana bidii, hana bahati tu. Miaka minane, Wendell. Nawe ukatembea?"