Mshazari wa Kiti cha Sita

…wa mkono wa kushoto, eti Baba alikuwa wa mkono wa kushoto, Fundi amelisema hilo kama mtu anayesema leo kuna mawingu, amekiinamia kiti, amekizungusha mbele nyuma, nyuma mbele, na mistari ya kamba iliyokatiza kikalio pembe kwa pembe imebaki vilevile, imelalia upande wake yenyewe, "Unaona, hata nikikigeuza hakikubali, vile vitano mshazari wake unaenda huku, hiki kimoja kinaenda kule kama mtoto aliyesusa, nani alikufundisha kuwamba?" naye, mwanamke aliyekiwamba, akajibu, "Baba," kwa sauti ndogo kuliko alivyokusudia, "Basi baba yako alikuwa wa mkono wa kushoto, si kosa, umekaza vizuri, lakini hivi viti ni seti, dada yangu, vinakwenda kupangwa safu moja pale zahanati, kata uanze upya," kisha Fundi akajifuta mikono kwenye aproni na kwenda kumkaribisha mgeni chai, na kisu kidogo cha kukatia kamba akakiacha juu ya fremu, nacho sasa kimo mkononi mwa mwanamke, ncha imegusa kamba ya kwanza, na mkono haushuki… kwa sababu Baba hakuwa wa mkono wa kushoto, hilo halina mjadala, nyundo aliishika kwa kulia, wembe wa kunyolea ndevu kwa kulia, hata siku ile kidole gumba cha kulia kilipovimba kwa mwiba alikaa bila kazi wiki nzima akinung'unika kwamba mkono wa kushoto Mungu alimpa ili mwili usiegemee upande, na ukoo mzima unajua kwamba akitaka kuhakikisha jambo lolote la Baba amwulize yeye, ndiyo maana wapwa zake wanamwita Shangazi Kumbukumbu, wakibishana juu ya nani alizaliwa mwaka wa mafuriko au nani aliivunja saa ya ukutani humpigia yeye simu, naye hujibu bila kukohoa… Baba alikuwa wa mkono wa kulia, na kiti hiki kimewambwa kama Baba, na kiti hiki kinakwenda upande wa kushoto, mambo matatu hayo hayakai chungu kimoja.

"Dada, hiyo kamba unaikata au unaibembeleza?" Ni mlinzi huyo, wanamwita Afande ingawa hajawahi kuvaa gwanda la serikali, jirani yake wa benchi tangu siku walipoanza mradi huu wa kuwafundisha ufundi waliopoteza kazi, mtu aliyelinda lango la ghala mpaka lango likafundishwa kujifungua na kujifunga lenyewe, husema hivyo, "lango likafuzu, mimi nikafeli," na watu wote karakanani hucheka kwa sababu kila mmoja ana lango lake lililofuzu, mwenye kisu naye alikuwa kwenye kiwanda cha sabuni, miche inakuja kwenye mkanda, unaweka katoni, inakuja, unaweka, miaka yote ya ujana wake iliingia katika zile katoni ikafungwa kwa gundi, kisha kiwanda kikafungwa nacho… "Naikata," anasema, na hakati, na Afande anarudi kwenye msasa wake, krrr, krrr, anasugua mguu wa meza ya shule, na nyuma ya mlango wa jiko vikombe vinagongana, mgeni anacheka jambo, ana sauti nzito ya mtu aliyezoea kukaa kitini, ndiye mwenye kiwanda cha samani, kila mradi unapofikia tamati huja akachukua mtu mmoja wa kumwajiri, mmoja tu, hasomi vyeti, hupita benchi kwa benchi na kukibonyeza kila kikalio kwa kiganja kama mtu anayepapasa paji la uso la mgonjwa… akikata sasa, mgeni atakuta mikononi mwake fremu tupu, mbao nne na hewa, asipokata atakuta kiti kilichosusa wenzake, na baada ya leo hakuna benchi, hakuna nauli ya mradi, hakuna aproni yenye mfuko wa chaki, ni kurudi kukaa chumba cha nyuma kwa dada yake na kusikia mlango wa mbele ukifungwa kila asubuhi nyuma ya watu wanaokwenda kazini, na dada yake akisema kwa wema, wema ndio unaouma, "Wewe pumzika tu," apumzike na nini?

Kamba zilizolowekwa zinanuka vilevile popote duniani, siku ya kwanza alipoingia humu hakuona mtu wala zana, harufu ilimfika kwanza, beseni la bati pale pembeni na kamba zimelala ndani ya maji kama nywele za mtu mzima, akawa tena nyuma ya nyumba yao, kibanda cha Baba, ukuta wa mabati upande mmoja na upande wa pili wazi, Baba kwenye kigoda, fremu ya kiti magotini, na kaka yake ameketishwa ubavuni kwa Baba juu ya sanduku la mbao, maana kaka ndiye mrithi wa kazi, Baba alisema hivyo mbele za watu, "Huyu nitamwachia kibanda," na yeye, binti, aliwekwa upande wa pili wa fremu, ng'ambo, uso kwa uso na Baba, kazi yake kupokea ncha ya kamba na kuikaza isirudi, "Shika… vuta… legeza," maneno hayo matatu ndiyo mafunzo yote aliyowahi kupewa, wakati kaka anaelezwa kila kitu, juu ya kamba mbili chini ya mbili, mwanangu, kisha unasogea moja, juu ya mbili chini ya mbili unasogea moja, ndiyo mshazari unavyozaliwa, na kaka anaitikia ndiyo Baba, ndiyo Baba, macho yako barabarani, kwenye mpira… ndiyo maana siku Fundi alipowauliza kila mmoja ana ujuzi gani, Afande akasema kusimama, watu wakacheka, yeye alisema hana, akasema kweli kabisa kwa jinsi alivyojua, maana ujuzi ni kitu unachopewa, na yeye hakupewa, yeye aliiba kwa macho, hivyo ndivyo alivyowasimulia ukoo kila walipokutana, "Kaka alifundishwa, mimi niliiba kwa macho," kaka mwenyewe hucheka kuliko wote, kwa sababu kaka alikwenda kuwa dereva na hajui kuwamba hata kamba ya kuanikia nguo, kiti cha Mama kilipokatika yeye alikipigilia ubao…

Kiti cha Mama, ngoja, kiti cha Mama kabla ya ubao, kilichowambwa na Baba mwenyewe, kilikaa karibu na mlango wa jiko, Mama alikuwa na tabia akiwaza jambo aliinuka akasimama nyuma ya kiti, akawa anapitisha kidole juu ya mshazari wa kikalio, taratibu, kama anayefuata maandishi, anaanzia pembe ya juu kushoto anashuka mpaka chini kulia, anarudi juu kushoto, anashuka, na wewe ukiwa mtoto unajua usimwombe kitu mpaka kidole kifike mwisho, juu kushoto chini kulia… naye anavitazama vile viti vitano vilivyopangwa ukutani, vimewambwa na mikono ya watu watano wasiojua hata kwamba Baba aliwahi kuishi, na mshazari wake wote unatoka juu kushoto unashuka chini kulia, na hiki chake, alichokiwamba akijisifu kimoyomoyo kwamba humu karakanani yeye peke yake ana mkono wa Baba, kinatoka juu kulia kinashuka chini kushoto, anafuata kwa kidole mara mbili, mara tatu, maana mtu hajihukumu kwa ushahidi mmoja, basi vile vitano ndivyo vya Baba, na hiki cha sita ni cha nani?

"Afande," anasema, "hebu njoo ukae hapa mbele yangu." "Nimekamatwa?" "Kaa tu, ushike fremu." Afande anakaa ng'ambo, magoti yake makubwa yakigonga mbao, anashika, "Sasa inua mkono wako wa kulia," anauinua kama anayeapa mahakamani, na ule mkono uko kushoto kwa anayemtazama, pale pale ulipokuwa mkono wa Baba, jambo dogo namna hiyo, mtoto yeyote anayejitazama kwenye kioo analijua, kila mstari mpya Baba aliusogeza hatua moja kuliani kwake, na kulia kwa Baba kulikuwa kushoto kwa aliyekaa mbele yake, naye huwamba akija kifuani kwake kama Baba, lakini hatua ya pembeni aliichukua kwa upande alioiona, miaka yote hiyo mikononi mwake amemweka Baba kama kioo kinavyomweka mtu… "Naweza kuushusha?" anauliza Afande, "Bado," anasema, kwa sababu kuna kitu kingine kinakuja nyuma ya mkono huo, anajua kwamba kinakuja na anaogopa kukikurupusha, ni kiwiko, kiwiko cha Baba.

Kaka akiwepo Baba aliwamba haraka, ameinama, mgongo umemkinga, mwanga wote uko mabegani mwake na ubavuni, lakini kaka hakukaa sana, kila siku ilikuwa hivyo, mpira ungepita, au rafiki angepiga mluzi, na sanduku lingebaki tupu, kisha paka wa nyumbani, wa rangi ya majivu, angepanda juu yake na kujikunja, hapo Baba alikuwa ananyoosha mgongo, anainua kiwiko kukitoa kwenye mwanga, mkono unapungua mwendo, juu ya mbili… chini ya mbili… anafika kwenye kona, mahali pagumu, anasimama, anaacha kitanzi kikiwa wazi kwa muda ambao hakuna fundi mwenye haraka angeuacha, anauliza, "Umeona?" kisha ndipo anavuta, na yeye hakuwahi kujibu, kwa kuwa hakuulizwa yeye, aliulizwa kaka ambaye hayupo, au aliulizwa paka, na hicho ndicho kichekesho chake kikubwa cha ukoo, huhifadhiwa mpaka watu washibe ndipo wamwombe, "Shangazi, tupe ya paka," naye huinua kiwiko, hukunja uso kama Baba, huliinamia sanduku lisilokuwepo na kusema kwa sauti nzito, "Umeona?" na watoto huanguka kwa kicheko, babu yetu alikuwa akimfundisha paka kuwamba viti… amekisimulia mara ngapi, na kila mara amemgeuza Baba uso akatazama sanduku, ili kichekesho kikolee, ni yeye aliyemgeuza, kwa maana Baba hakutazama sanduku, mtu anayewamba hageuki ubavuni na kitanzi mkononi, kitafyatuka, Baba alitazama mbele, juu ya fremu, kwenye mikono midogo iliyoshika ncha ya kamba, na kutoka kwenye mikono akapanda taratibu mpaka usoni, akasubiri.

Na aliye ubavuni haoni kitu, mtu akikaa kwenye lile sanduku anaona kiwiko na bega, vidole havionekani kamwe, amekaa upande huo mara nyingi kumfukuza paka, anajua… aliyewekwa mbele ndiye aliyewekewa vidole avione.

Krrr imekoma, Afande bado ameinua mkono, subira ya mtu aliyelipwa maisha yake yote kusimama, nyuma ya mlango mgeni anamwambia Fundi aongezewe sukari, kijiko kinazunguka kikombeni, mshazari wa kiti cha sita umelala pale pale unaelekea kule kusikokubaliwa, na kisu kimegusa kamba ile ile ya kwanza, hakuna kilichosogea humu ndani ila yeye haogopi tena fremu tupu, mgeni na aje azikute mbao nne na hewa, atamkuta anaanza, na atakapomwuliza nani alikufundisha, kama watu wanavyouliza, hatasema ya kuiba… itabidi awe Baba sasa, akae kwenye kigoda, asogeze kuliani kwake, mkono utakataa mistari ya mwanzo, utarudi kwenye mazoea yake, atauhimiza, shika, vuta, legeza, na ng'ambo ya fremu awepo mtu wa kutazamwa.

"Nimeona," anasema, kwa sauti, na sauti hiyo inamshtua mwenyewe.

"Umeona nini?" anasema Afande. "Mimi hata chai sijaiona."

"Kaa hapo hapo," anamwambia, "usihame," na ananyoosha mgongo, anakitoa kiwiko kwenye mwanga.