Kulabu Zilizopishana

Fundi cherehani haogopi kitu kidogo. Sindano ikivunjika atatia nyingine, na mteja akifoka atamwacha apoe. Lakini mchana ule fundi cherehani wetu alisimama katika chumba cha nyuma cha nyumba yake mwenyewe, mlango kausukuma kwa kisigino, mkononi ana kipande cha plastiki chembamba kama ukucha, na kijasho kinamtoka. Bafuni mumewe alikuwa ananawa mikono. Maji yakikoma tu, atakuja.

Mbele yake ilikuwa meza ya mume huyo. Ukiitazama haraka utasema ni mchezo wa watoto: ubao mpana, reli ndogo zinazozunguka, kilima kilichofinyangwa kwa magazeti na gundi, na treni ya umeme ambayo kichwa chake kinaenea kiganjani. Mabehewa aliyatengeneza mwenyewe kwa vijiti na mabati ya makopo, kila moja na kulabu yake mbele na nyuma.

Kazi yake ya kweli ilikuwa mabehewa ya kweli. Alikuwa mkaguzi kwenye uwanja wa reli, na huko walimwita Jicho. Wakaguzi wenzake walipima kwa fimbo kulabu imekaa juu kiasi gani kutoka kwenye reli. Yeye alichuchumaa tu, akafumba jicho moja, akasema, "Hii imekaa," au, "Hii imeshuka, itoeni." Zamani walimfuata nyuma na fimbo yao wakitamani akosee japo mara moja wapate cha kumtania. Hawakupata. Mwishowe wakaacha kupima, Jicho akishapita basi imepita, na fimbo ikageuka ya kuanikia makoti ya mvua.

Na jambo lenyewe si la mzaha. Kulabu mbili zikilingana hushikana barabara. Moja ikikaa juu na nyingine chini, zinashikana kwa ncha. Kwenye tambarare hutajua kitu. Ngoja treni ianze kupanda mlima, itikisike kidogo, ndipo moja inachomoka na behewa la nyuma linarudi lilikotoka pamoja na waliomo. Breki zikishika, mshukuru Mungu. Zisiposhika, hapo chini kuna daraja.

Yote yalianza wakati wa mvua. Siku moja mumewe yuko kazini, yeye akaingia kufagia, akabonyeza swichi ili afurahishe macho. Treni ikapanda kilima, na behewa la chumvi likachomoka likabingirika mpaka sakafuni. Aliliokota akidhani amelivunja. Alipoliweka karibu na mwenzake akaona: kulabu ya hili iko chini ya ile, na si kidogo. Mtu anayekunja pindo za suruali kutwa nzima haoni taabu kuona hilo. Lililomshangaza ni kwamba mumewe alikuwa amelifunga jana yake tu, akalitazama kwa jicho moja na kusema limekaa.

Ningekuwa mimi ningemwambia, na wewe ungemwambia, sote ni hodari kwa mambo ya jirani. Yeye alimwonea huruma. Alikata kijiduara katika kifuniko cha plastiki cha kopo la maziwa, akakipachika juu ya ekseli ya magurudumu, behewa likainuka, kulabu zikalingana. Jioni mumewe akaendesha treni yake, ikapanda, ikashuka, ikazunguka. Akacheka kwa furaha. "Unaona, mama? Jicho bado lipo." Naye akafurahi kumwona amefurahi.

Tangu hapo hakupata raha. Kila behewa lililotoka mikononi mwa mumewe lilikuwa limepanda au limeshuka, naye kila mara alinyemelea na vijiduara vyake kulisawazisha: lililoshuka alikitia kwenye ekseli, lililopanda alikitia juu ya kulabu ili ishuke. Huku akaanza kuona mengine. Chai inamiminwa pembeni ya kikombe. Mtu anapapasa ukuta kabla ya kushuka ngazi. Alipomwambia waende hospitali wakapime macho, mume alisema ni uchovu, akageukia ukuta. Mwanamke hakurudia, maana aliogopa jibu la daktari. Jicho asiye na jicho angekuwa nani? Na asubuhi honi ya treni ikilia, alikuwa akisimamisha cherehani na kusikiliza mpaka ngurumo ipotee kabisa, ndipo akanyage tena. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Alilijua neno hilo tangu utotoni, na bado alificha, tena si maradhi yake.

Sasa basi, mchana wenyewe. Binti yao alikuwa amekuja kuwaonyesha mtoto wake, na treni ya kumrudisha iliondoka alasiri ile. Mizigo ilikuwa mlangoni. Mume alikuwa ametoka kazini kuja kula nao na kuwaaga. Wakiwa mezani akamchokoza mtoto shavu, akasema, "Mjukuu wangu leo atasafiri kifalme. Behewa lenu, lile la mwisho, limetoka karakana juzi. Magurudumu mapya matupu. Asubuhi nimelipitisha mwenyewe."

"Mmelipima?" mkewe aliuliza.

"Kwa jicho," alisema mumewe. "Lilikuwa linanidai fimbo?"

Binti akacheka. Mama yake hakucheka. Asubuhi ile ile, kabla ya kwenda kazini, mumewe alikuwa ametia magurudumu mapya kwenye behewa dogo la buluu, na magurudumu mapya ni makubwa kuliko yaliyolika, huliinua behewa. Kisha akasema limekaa. Yeye alikuwa ameliona limesimama juu ya wenzake wazi kabisa, akajisemea atalisawazisha mchana.  Aliyekosea la buluu saa kumi na mbili, saa mbili alikuwa amechuchumaa mbele ya lile la binti yake.

"Baba, mwonyeshe basi treni kabla hatujaondoka," binti akaomba.

"Ninawe mikono kwanza," baba akasema. Mkewe akatangulia chumba cha nyuma.

Hapo ndipo tulipomkuta. Kipande cha plastiki kiko vidoleni. Kukipachika ni kazi ya kufumba na kufumbua, alishafanya mara nyingi. Treni itapanda, babu atacheka, mtoto atapiga makofi, binti atakwenda stesheni. Alisikia maji ya bafuni yakikoma. Akakitumbukiza kile kipande mfukoni mwa aproni, akasogea ukutani.

Wakaingia. Binti alimkalisha mtoto nyongani, na mzee akabonyeza swichi kwa mbwembwe. Treni ikazunguka tambarare vizuri kabisa. Ikafika kilimani. Behewa la buluu likatikisika, likaachana na wenzake bila kelele, likarudi nyuma kwa kasi, likaruka ukingo wa meza na kupasuka sakafuni. Mtoto akacheka. Ndiye pekee aliyecheka.

"Reli," alisema mzee. "Reli imeinuka hapo, nitaikaza."

"Si reli, baba watoto."

"Umejua lini mambo ya reli wewe?"

 Mkewe aliliokota behewa, akaliweka kwenye reli karibu na la chumvi, akamshika mumewe mkono na kukiweka kidole gumba chake juu ya kulabu moja, kisha juu ya nyingine. Kidole kilishuka kama kinachoteremka ngazi. Kikarudi, kikashuka tena. Uso wa mzee ukabadilika.

"Haya mengine yote ni sawa," alisema. Sauti ilikuwa imepungua. "Yamepanda mlima miezi hii yote."

Mkewe akapindua behewa la chumvi, akachokoa kwa sindano, kijiduara kikaanguka mezani. Akapindua la kuni, kikaanguka kingine. La ng'ombe, la mafuta, la barua. Mzee hakuviona. Alikuwa akivisikia vikidondoka.

"Mama, umefanya nini?" binti aliuliza.

"Tangu lini?" aliuliza mzee.

"Tangu mvua."

Alikaa kwenye kiti taratibu, akitanguliza mkono kukitafuta. "Sikiliza," alisema. "Mvua zilipoanza niliona ukungu. Niliogopa, sikukwambia. Nikasema, nitajipima mwenyewe. Nitafunga mabehewa mezani kwa jicho, yakichomoka kilimani, siku hiyo hiyo nawaambia uwanjani kwamba nimekwisha. Yakapanda. Nikafunga mengine, yakapanda. Kila nilipoingiwa na wasiwasi nilikuja hapa, nayo yakapanda. Nikasema basi, ni uchovu. Kwa kuiamini meza hii, mama, nimepitisha treni kila siku."

 Mwanamke alikuwa amedhani anamficha aibu. Kumbe mtu huyu alikuwa akiuliza swali lile lile kila jioni, na jibu la uongo alikuwa akilipata kwake. Aliogopa kuliko alivyowahi kuogopa maishani.

"Nipigie uwanjani," alisema mzee, akitoa simu. "Namba sizioni."

Akampigia. Mzee alizungumza na msimamizi kwa maneno machache: wazuie treni ya alasiri, wachukue fimbo, wapime behewa la mwisho, na asipitishe yeye tena kitu chochote. Wakasubiri. Binti alikuwa amekaa juu ya mzigo wake, mtoto kambana kifuani mpaka analalamika. Simu ikalia. Msimamizi alisema kulabu imekaa juu ya kipimo, tena mbali, na wanaliondoa behewa kwenye treni. Kisha akauliza, "Jicho, na ya jana?"

Treni ya jana ilikuwa bado njiani. Ilikuwa safari ya siku mbili, imejaa watu, na milima ilikuwa iipande leo, mchana huu huu.

"Isimamisheni," alisema mzee.

"Tunawatafuta. Huko milimani mawasiliano ni ya kubahatisha."

Simu ikawekwa mezani, katikati ya vijiduara.  Mwanamke alianza kuomba kimyakimya, akakosa maneno, akaanza upya.

"Yapo mengine yenye vipande?" mumewe aliuliza ghafla.

"Mawili."

"Vitoe. Uyapange yote saba, kisha uendeshe."

"Baba watoto, tafadhali."

"Endesha."

Akaendesha. Treni ilipofika kilimani kikasikika kishindo sakafuni.

"Lipi hilo?"

"La chumvi."

Akampangia tena yaliyobaki, akabonyeza. Kishindo.

"Na hilo?"

"La ng'ombe." Machozi yalikuwa yanamtiririka, na kwa mara ya kwanza tangu mvua alikuwa anamwambia kweli.

Simu ikalia.  Mwanamke aliipokea, akasikiliza. Treni ya jana imekutwa kwenye stesheni ndogo kabla ya mlima wa mwisho, imepimwa, na behewa moja lilikuwa limeshikwa na ncha ya kulabu tu. Watu wote wazima.

"Wazima," alimwambia mumewe. "Wote wazima. Moja lilikuwa limeshikwa na ncha."

 Binti alikuwa analia waziwazi sasa. Mwanamke akasogea, akataka kumshika mumewe bega, lakini yeye alinyoosha kidole kuelekea kwenye swichi, akakosea upande kidogo.

"Yamebaki mangapi mezani?"

"Matano."

"Endesha," alisema. "Uniambie yote."