Mto Uliofuliwa

Fundi cherehani hakuwa mtu wa kubabaika. Alipotangaza kwamba ataupeleka mto wa mtaani kwenye ukumbi wa maonyesho, mtaa mzima ulicheka mpaka mbavu zikauma. Mwenye ukumbi alimpa ukuta mmoja, na fundi akaendelea kukata kitambaa.

Mto ulipita nyuma ya nyumba, kutoka chemchemi hadi darajani. Fundi alifunga majini vipande virefu vya kitambaa cheupe: chemchemini, penye matete, nyuma ya gereji, chini ya kiwanda cha rangi. Akaviacha msimu mzima, mto ujiandike wenyewe. Alipovitoa, kila kimoja kilikuwa na sura yake. Pembeni alidarizi jina la mahali, basi. Mtazamaji angetembea kutoka chemchemi hadi darajani bila kulowa miguu.

Asubuhi ya maonyesho alikuta kikapu alimoviweka kitupu.

"Dada! Vitambaa vyangu viko wapi?"

Dada yake mkubwa, dobi aliyeishi naye, alikuwa akipuliza chai kwa fahari. "Viko kwenye kamba. Nimekufulia."

"Umefanyaje?"

"Nimeloweka, nimechemsha, nimesugua. Mdogo wangu asimame mbele za watu na matambara yale? Mimi dobi uso wangu nitauficha wapi?"

Fundi alijikuta ameketi juu ya beseni lililopinduliwa. "Dada, umenimaliza. Uchafu ule ndio kazi yenyewe."

"Si ungesema! Mtu anaacha uchafu kwenye kikapu cha nguo, nitajuaje ni wa kutunza?" Kisha sauti ikashuka. "Hata hivyo, vingine vimenishinda. Njoo uone, usije ukanilaumu mara mbili."

Walitoka kwenda uani. Chemchemi ilikuwa nyeupe pe. Kijani cha matete kilikuwa kimetoka, na tope la kingoni pia. Lakini gereji ilikuwa nyeusi kwa oili vilevile, na zambarau ya kiwanda ilikoza kana kwamba haijaguswa na maji.

"Hiki nimekitia kila dawa," dobi alisema, akikitikisa cha gereji. "Vidole vimechubuka. Hakitakati ng'o!"

Fundi aliifuata kamba mpaka mwisho, akarudi, akaanza kucheka. Yaliyokuwa ya mto yamekubali sabuni. Yaliyotiwa na watu yamegoma. Msimu mzima alikuwa akitaka kuonyesha mto ulivyo, wala hakuwahi kuwaza kuutenga na tulichoutupia.

"Dada, vaa viatu."

"Twende wapi?"

"Ukumbini. Utasimama penye vitambaa, uwaeleze ulivyofua, kimoja kimoja."

"Mbele za watu? Na vidole hivi?"

"Hivyo hivyo."

Dobi alitazama mikono yake, akabana midomo kuficha tabasamu. "Basi mimi nitajwe kwanza. Mimi ndiye mkubwa."

"Kwa kuzaliwa au kwa kazi?"

"Kwa vyote viwili. Na hivyo vitambaa usivikunje ovyo, bado vina unyevu."

Fundi akaanza kuvianua, akianzia chemchemini, akishuka na maji.