Sindano Isiyofunguza

Dada yangu Biasha aliogopa sindano kuliko kufa. Vidonge vya ugonjwa wa sukari alivimeza kwa miaka bila kelele, lakini mwaka 2001 macho yakaanza kuingia ukungu, na daktari wa Nachingwea akamwambia vidonge havimtoshi tena.

"Vidonge vinausukuma mwili ufanye kazi, mama. Wako umechoka kusukumwa. Sindano inaleta kile ambacho mwili umeshindwa kutengeneza. Ila ukichoma, lazima ule. Sindano haingoji."

"Sindano wanapewa wanaokufa," dada alinifokea njiani, kana kwamba mimi ndiye niliyemwandikia. Kwetu Mandawa watu walikuwa wameona mmoja wawili wakianza sindano kisha wakizikwa. Kwamba walianza miguu ikiwa imeshaoza, hakuna aliyelitaja.

Kilichombadilisha ni Ramadhani. Kidonge kinamezwa, kwa hiyo kinafunguza. Je, sindano? Tukaenda kwa shehe. Shehe akasema sindano ya dawa haifunguzi, lakini mgonjwa ana ruhusa ya kula na asione haya. Hilo la pili alilisema dada akiwa ameshavaa kandambili. Ruhusa hakuitaka. Maisha yake yote alijisifu kwamba hakuna mtu aliyewahi kumwona akila mchana wa Ramadhani.

Basi akawa anakula daku, anajichoma, anaweka chupa ya dawa kwenye chungu kilichozungushiwa mchanga uliolowa maji ili isipate joto, na kujiona ametimiza maagizo ya pande zote mbili. Nilimuuliza kama daktari anajua kuwa anafunga.

"Daktari ana habari na damu yangu, Samia. Funga ni yangu."

Kichwa kigumu kile, ningekipasua.

Alasiri moja tulikuwa shambani tunaokota korosho. Nikamwona anazinyofoa korosho na kuzitupa, halafu mabibo, yale matunda yake ya maji, ndiyo anayaweka kwenye ndoo. Nilicheka. Kisha nikaona jasho limemlowesha kanga na mikono inatetemeka. Nilipomwita hakujua jina langu. Akaketi chini, akainamia upande mmoja.

Sindano haikumngoja; sukari mwilini ilikuwa imemshuka. Nyumbani ni mbali, na shambani hakuna sukari. Nikachukua bibo lililoiva, nikamkamulia mdomoni. Akabana midomo.

"Jua," akasema. "Jua bado."

Nililia kwa hasira na kwa woga. Nikamwambia, "Kama ni dhambi, dada, iandikwe kwangu." Nikampanua mdomo kwa vidole, akaniuma, nami nikaendelea kumdondoshea maji ya bibo ndani ya shavu, kidogo kidogo, nikichukua bibo jingine na jingine, mpaka macho yake yakanitambua.

Alijilamba midomo, akaelewa.

"Umenifunguza."

"Ndiyo."

Alijifuta mdomo kwa kanga, tukarudi nyumbani. Niliogopa kwamba sasa ataitupa ile chupa, arudie vidonge visivyomsaidia, au asitumie chochote, na mwaka mwingine nimshike mkono kumwonyesha njia ya chooni.

Asubuhi jua likiwa limeshapanda nikamkuta jikoni. Alikuwa ameshajichoma, na sufuria ya uji iko mekoni.

"Funga mlango," akasema.

Alikunywa akiwa ameupa mlango mgongo, machozi yakimdondoka, akijitahidi kijiko kisigonge bakuli ili majirani wasisikie. Mimi nilikuwa nimefunga saumu. Nilikaa naye mpaka bakuli likaisha, kisha nikamwongezea.