Samadi ya Shemeji

Hii ni kweli tupu, sijaongeza chumvi hata punje. Nikiongopa, nyuki wanidunge ulimi.

Mama Mizinga alikuwa amepiga magoti kwenye mteremko wa mlima, anapapasa udongo kama mtu aliyedondosha sindano. Msimu uliopita udongo huo ulikuwa mwembamba, changarawe tupu, na juu yake maua ya kila rangi, mengine madogo kama kifungo cha shati la mtoto. Nyuki wake waliyajua yote. Sasa palikuwa na nyasi nene tu, ndefu hata ng'ombe mmoja aliingia humo akapotea, akapatikana kwa kengele yake.

Mizinga mitatu ilikuwa imehamwa. Ukiigonga, inalia kama ngoma. Ulibaki mmoja, na nyuki wake walikuwa wamejazana mlangoni kama abiria wanaogombea basi.

Shemeji yake, mdogo wa marehemu mumewe, akatokea na gunia la samadi begani. Alikuwa akipandisha samadi hapo tangu mvua za kwanza, bila kuombwa.

"Shemeji, leo nimekuletea iliyoiva."

"Tua. Usimwage."

"Kwani vipi? Huoni nyasi zinavyong'aa?"

"Nyuki wangu wanakula nyasi?"

Akacheka, kisha akaona anacheka peke yake.

Mama Mizinga akavunja bonge la udongo, jeusi, linanuka zizi. "Maua yale yalizoea njaa, shemeji. Udongo ulipokuwa fukara, kila ua lilipata pa kusimama. Umeandaa karamu, wamekuja walafi wamekalia viti vyote."

Shemeji akaketi juu ya gunia. "Tangu kaka aondoke sijui nikufanyie nini."

Maneno aliyokuwa ameyanoa Mama Mizinga tangu asubuhi yakapoteza makali. "Ungeniuliza."

"Ungekataa."

"Ningekataa, ndiyo."

Wakacheka kidogo, wote wawili sasa.

"Na udongo ulioshiba hufungishwaje saumu?"

"Tunakata nyasi, tunazibeba zote. Lisibaki jani la kuozea hapa. Msimu huu, na ujao, mpaka njaa irudi."

"Nyuki watangoja?"

Akautazama mzinga uliobaki. "Hilo usiniulize."

Basi, nilikuwa nawasimulia wenzangu kando ya njia jinsi nyasi zile zilivyoshinda kila mundu, ikabidi shemeji alete msumeno wa mbao, tena wa kuvutwa na watu wawili, nikasikia sauti nyuma yangu.

"Msumeno wa nani, jirani?"

Nikakohoa. Wenzangu wakajifanya wanatazama mawingu.

"Zilifika gotini," Mama Mizinga akawaambia, "na mundu unazikata vizuri tu. Huyu atawaonyesha."

Ndiyo maana mgongo wangu uko hivi. Nakata, shemeji anafunga matita, Mama Mizinga mwenyewe anayashusha mlimani. Jioni, palipobaki udongo wazi, nyuki mmoja alitua, akatembea kidogo juu ya changarawe, akaruka, akatua tena. Mama Mizinga alisimama na tita kichwani, akimtazama, hakushuka.