Utepe wa Ferney

Melba aliibeba mwenyewe gramafoni ya marehemu mumewe, mitaa minne ya Barrio Obrero hadi kwenye karakana ya Eliécer, na kila aliyetaka kumpokea mzigo alimkatalia. Goti lilimuuma njia nzima. Kesho yake Ferney angetimiza mwaka kaburini, na wacheza dansi wa zamani wa jiji la Cali wangekuja kunywa champús, kinywaji cha mahindi na matunda, na kumtazama mjane akicheza santuri moja, ile yao, peke yake. Alikuwa amewaahidi. Sasa gramafoni ilikuwa ikigongagonga na kusimama katikati ya wimbo.

Eliécer aliinua sahani, akachungulia, akaguna.

"Gurudumu la mpira ndilo bovu, dada. Limekauka, limejaa makovu. Jipya ninalo, moja tu. Ila nikiliweka, utepe huu lazima utoke. Gundi yake ndiyo iliyokula mpira."

Melba aliujua utepe huo. Ferney aliuzungushia chuma cha mota mwaka waliooana, ili chuma kinenepe na santuri ikimbie. Mtaa mzima ulicheza hivyo. Mwendo wa kawaida waliwaachia wagonjwa. Wimbo wao hakuwahi kuusikia kwa mwendo wake wa asili, wala hakutaka.

"Utepe hautoki," alisema. "Weka gurudumu, utepe uache."

"Litaliwa tena, na lingine sina."

"Basi acha la zamani. Ligonge hivyo hivyo hadi kesho."

"Litakwama mbele ya watu."

"Sasa unataka nimchezee Ferney muziki wa kubembelezea watoto? Mimi? Desemba ile ya mwisho nilikuwa na miaka sabini, na hakuna msichana aliyenifikia kwa wepesi wa miguu. Sikukosa hatua hata moja! Kamuulize yeyote."

Majivuno hayo alikuwa nayo tangu usichana, na haki alikuwa nayo. Siku nyingine Eliécer angemtania. Leo alifuta mikono kwa kitambaa, akaendelea kuifuta hata ilipokuwa safi.

"Kila Desemba Ferney alikuwa akiileta hapa," alisema.

"Kuipaka mafuta. Najua."

"Sijawahi kuipaka mafuta, dada. Alikuwa akikaa hapo hapo ulipokaa, anabandua mzunguko mmoja wa utepe. Mmoja kwa mwaka, basi. Alianza goti lako lilipovimba. Mizunguko ilikuwa saba. Alisema, 'Tukienda taratibu hivi, Melba hatagundua.'"

Melba aliinama juu ya mota. Mzunguko ulikuwa umebaki mmoja, mweusi, ncha yake imeinuliwa kidogo. Miaka sita alidhani anaushinda wimbo, kumbe wimbo ulikuwa ukimngoja. Aibu ilimpanda kwanza, mbele ya fundi aliyejua yote hayo na kunyamaza.

"Mwongo mkubwa wee!" alimwambia marehemu kwa sauti. "Mwongo, Ferney!" Kisha akalia, bila kujificha, na Eliécer akatazama ukutani hadi alipomaliza.

"Nifanyeje, dada?"

"Weka jipya. Ngoja kwanza. Huu nabandua mimi."

Alishika ncha kwa kucha, akauvuta polepole usikatike, akaukunja ndani ya leso. Eliécer alifunga gurudumu, akarudisha sahani. Melba alitoa santuri kwenye mfuko wake, akashusha sindano mwenyewe.

Mwimbaji aliyemjua miaka hamsini kwa sauti ya kijana mchangamfu alikuwa mtu mzima, mwenye sauti nzito na majonzi yake. Melba alimsikiliza ubeti mzima akiwa amesimama, amekunja uso, kama mtu anayetambulishwa kwa mgeni. Ubeti wa pili ulipoanza alinyoosha mkono wa kushoto, akaacha upande ule nafasi ya Ferney, akaenda hatua ya kwanza, ya pili, ya tatu. Goti halikuuma.