Orest Anaishi Karibu Mno

Saa kumi na moja jioni Stella Pidlubny alikuwa akikoroga supu ya viazi vyekundu pale mumewe, Orest, alipoingia kwa mlango wa jikoni, akavua mabuti ya theluji, akayapanga juu ya mkeka na kwenda moja kwa moja kwenye kompyuta. Orest alikuwa amefariki Novemba. Sasa ilikuwa Januari, na Dauphin, Manitoba, huko Kanada, jua huzama mapema; naye huja giza likiingia, kwa hiyo hakuwa amechelewa.

"Unapakua tena?" Stella aliuliza.

"Jana walicheza. Nikae bila kujua?"

Timu yake ya magongo ya barafuni iko Winnipeg. Kwa miaka kumi na tisa Orest alilipia kifurushi cha mechi, na kwa miaka hiyo yote kifurushi kilimwonyesha timu za watu wengine. Mechi za timu yake zilizuiwa kwa yeyote anayeishi karibu. Ndiyo maana alizipakua kwenye tovuti za wezi.

Kampuni ya intaneti, iliyouza pia kifurushi hicho, ilikuwa imeshaandika mara mbili. Mpendwa Bwana Orest, laini yako imetumika kwa wizi wa kazi za watu. Onyo la tatu, tunaikata. Barua hizo Stella aliziogopa kuliko alivyoogopa mazishi. Krismasi barafu ilipoangusha nyaya za intaneti, Orest hakuonekana siku nne, ndipo Stella akaelewa mumewe anapita njia gani kuja nyumbani.

Alipiga simu kwenye kampuni. Karani akasema laini ni ya Bwana Orest, hawezi kuijadili na mtu mwingine. Stella akampa Orest simu.

"Nimelipa miaka kumi na tisa," Orest alisema. "Kwa nini nisione timu yangu?"

"Unaishi karibu mno, bwana."

"Kilomita mia tatu?"

"Kwetu hiyo ni karibu."

"Isitoshe siishi tena. Nimezikwa."

Karani alibonyeza vitufe. "Umezikwa wapi, bwana?"

"Hapahapa Dauphin."

"Basi bado ni karibu," karani alisema, akamshukuru kwa kuwa mteja wao wa muda mrefu.

Myron, mdogo wake Orest, alikuja Jumapili na dawa. "Shemeji, weka VPN. Kampuni itaona nyumba hii iko nchi nyingine. Barua zitakoma."

"Nchi gani?"

"Uholanzi ndiyo ya bei nafuu."

"Na wewe unayo?"

"Mimi nina nini cha kuficha? Natazama upishi tu," Myron alisema, lakini masikio yalimwiva.

Aliiwasha kabla ya kuondoka. Theluji ya paani ikayeyuka, na manyunyu ya Kiholanzi yakaanza kuanguka juu ya nyumba hiyo peke yake. Majirani walipita na majembe yao ya theluji, wakamwambia Stella ana bahati. Barua haikuja. Jioni, Orest naye hakuja. Kesho yake pia hakuja, wala siku iliyofuata. Stella aliacha supu mekoni mpaka ikaganda kando.

Siku ya nne, saa sita mchana, simu ililia.

"Dada, naitwa Jannie Verhoef, napiga kutoka Zwolle, Uholanzi; huku sasa ni usiku. Mume wako yuko kwangu. Namba hii kanipa yeye. Kila giza likiingia anakuja, anavua viatu, anaketi."

"Anakusumbua?"

"Hapana. Mimi ni mjane mwaka wa tisa huu. Kanitengenezea bomba."

Kwangu hakuligusa miaka sita, Stella aliwaza. "Anapakua?"

"Apakue nini? Huku ni mbali, mechi ziko wazi. Anatazama kwa kifurushi chake mwenyewe, halali kabisa."

Stella aliweka kidole juu ya kitufe cha kuzima VPN. Akizima, Orest atarudi leo jioni, atapakua, barua ya tatu itakuja, laini itakatwa, na hatakuwa na njia ya kwenda kwa yeyote. Kidole kilikaa pale hadi kikafa ganzi. Jannie hakukata simu, alikuwa mstaarabu.

"Anakula?" Stella aliuliza mwishowe.

"Anakula. Ila amesogeza kiti hadi pua inagusa televisheni."

"Mwambie arudi nyuma. Macho yake mabovu."

"Nimemwambia. Hanisikii."

Stella akaondoa kidole. Akafungua kwenye kompyuta mechi ya jana iliyokuwa ikirudiwa muda huo, na kwa kuwa nyumba ilikuwa Uholanzi, ikaonekana bila shida. Kwa majirani wote wa Dauphin ilikuwa imezuiwa.

"Nipe nimwambie mwenyewe."

Jannie aliondoka, akarudi. "Anasema subiri kipindi cha tatu kiishe, ndicho cha mwisho."

Zilikuwa zimebaki dakika kumi na moja. Stella alivuta kiti, akakaa na simu sikioni, akitazama saa ya uwanjani ikirudi nyuma.